Barua za Jenerali Aliyeshindwa

Juzi nilipita kwenye duka moja la stesheneri pale Kigoma mjini, nikamkuta binti anamchapia mzee mmoja barua huku simu ameibana begani, anacheka na mtu mwingine. Alipomaliza alibonyeza, karatasi ikatoka, akamkabidhi mzee bila kuitazama. Mzee akaikunja, akaenda zake. Sikusema kitu, maana mtu aliyestaafu akizidisha maneno hugeuka kero. Lakini nilirudi nyumbani Kasingirima na neno limenikaa kooni, nikaona heri niliandike, ninyi mnaokaa mbele ya kompyuta mlisome mkipata nafasi.

Mimi ni Mama Zaina. Nimepiga chapa zaidi ya miaka thelathini, nyingi kati ya hizo kwenye kibaraza kimoja kando ya barabara inayoshuka kwenda stesheni. Nilianza na mashine ya chuma iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia, nikamalizia na kompyuta. Nimeandika maombi ya kazi, hati za mauziano ya viwanja, barua za kuomba ruhusa na barua za kuomba radhi. Nimeandika pia barua za jenerali, na hizo ndizo hasa nataka kuwasimulia. Ila kwanza niwaambie kosa langu la kwanza, ili msinione kama mtu aliyezaliwa anajua.

Alikuja kijana wa Ilagala anataka kuposa huko Mwamgongo. Alinisomea maneno yake vizuri sana, ya heshima, nami nikayapiga haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Sasa angalieni hizo herufi mbele yenu: kati ya u na o kuna i moja tu. Palipotakiwa pawe "naomba ruhusa ya kumuoa binti yenu", mimi niliandika "kumuua". Kijana hakuisoma. Aliitia kwenye bahasha, ikapanda boti.

Siku ya tatu baba wa binti alishuka ufukweni na kaka wawili wa binti, wakaja moja kwa moja kibarazani kwangu, kwa kuwa jina la ofisi lilikuwa chini ya karatasi. Alinisalimia kwanza, mtu mwenye adabu zake, kisha akaniuliza ni nani hasa anayetaka kumuua mwanawe, na kwa kosa gani. Nilipoiona barua nililiona kosa langu. Nilimweleza. Akaisoma tena, halafu akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Harusi ilifungwa, na mshenga aliisoma barua ile mbele ya watu wote. Hadi leo nikikutana na mtu wa Mwamgongo wa rika langu huniuliza kama bado naua mabinti.

Aliyekuwa hacheki ni Mzee Kabuye. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, Muha wa zamani, karani mstaafu, mwenye mashine na kibaraza. Alinipa karatasi tupu akaniamuru niijaze yote neno moja, kuoa, mbele na nyuma. Nilipomaliza aliniambia sheria ambayo tangu hapo nilikaribia kuivunja mara moja tu: karatasi haitoki kwenye mashine kabla mwenyewe hajasomewa kwa sauti. Hata awe profesa, msomee. Macho ya aliyeandika huona alichokusudia, bali sikio husikia kilichoandikwa.

Alinifundisha na mengine. Kusafisha herufi kwa pini kila asubuhi, maana e na a huziba haraka, na barua yenye macho yaliyoziba humfanya hata mtu mwema aonekane mchafu. Kupiga stensili bila hasira. Ninyi stensili hamzijui: ilikuwa karatasi ya nta, unaitoboa kwa herufi, unaifunga kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mpini, nakala zinatoka mamia. Herufi o ukiipiga kwa nguvu ilikatika kabisa, kipande kikadondoka, na kwenye nakala zote likatokea doa jeusi. Mzee Kabuye alikuwa akizitazama o zangu anajua kama nimegombana na mume wangu.

Basi, sasa huyo jenerali, Asukulu.

Ng'ambo ya ziwa vimepita vita vingi, na ninyi mmekulia kwenye mitaa yenye watu waliovikimbia, kwa hiyo sitawachosha. Vita vyake vilikuwa vidogo, vya jimbo moja la huko Kongo, na hatukuvisikia sana huku. Mimi nilimjua kama fundi baiskeli. Alikuwa na kibanda cha bati Ujiji, karibu na nyumba ya dada yake, Mama Riziki, aliyeolewa hapa zamani. Alikuwa mrefu, mpole, sikio la kushoto halisikii, kwa hiyo ukiongea naye aligeuza kichwa kama kuku anayeangalia punje. Mara mbili alinitengenezea mnyororo wa baiskeli. Kitu kimoja tu kilinishangaza: wanaume wa ng'ambo waliokuwa wamekaa wakicheza bao, akipita, walisimama.

Siku moja akaja kibarazani kwangu. Wakati huo Mzee Kabuye alikuwa amekwisha kuniachia kazi. Asukulu alivua kofia, akauliza kama niko na nafasi ya barua ndefu. Nikaweka karatasi. Akaanza kwa sauti ya taratibu kwamba yeye, Jenerali Asukulu, aliyekuwa kamanda. Vidole vyangu vikasimama.

"Jenerali wa nini, Mzee?"

"Wa watu walioshindwa, Mama," akasema. "Endelea kuandika."

Nilikuja kuijua habari yake kidogo kidogo, siku ile aliyonitajia maneno ya barua na siku zilizofuata. Katika jimbo lao kulikuwa na watu walioletwa kulima pamba tangu enzi za mababu. Walizaliwa pale, walizikana pale, lakini wenyeji hawakuwakubali wawe na hati ya shamba wala wapige kura. Serikali ilipotaka kuwapa haki hizo, wenyeji walishika silaha, na Asukulu, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi, aliacha kazi akawaongoza. Walipigana misimu kadhaa. Vijiji vya wakulima wa pamba viliungua. Mwisho walipigwa wakatawanyika, wengi wakavuka ziwa. Alisema alipofika Ujiji aliamua asiguse tena kitu chochote cha chuma isipokuwa baiskeli.

Sasa serikali ya kule ilikuwa imetangaza msamaha. Anayerudi atarudi kama raia, atapiga kura, hata kugombea akitaka. Asukulu alikusudia kurudi na kugombea ujumbe wa bunge la jimbo. Ila kabla ya hapo alitaka barua iwafikie waliokuwa askari wake wote, popote walipo, na iwafikie wakulima wa pamba vilevile. Barua moja kwa watu wa pande zote mbili. Ndiyo maana ilitakiwa stensili.

Alikuwa mteja wa kuchekesha pia. Mashine yangu ilikuwa na kengele inayolia mstari unapokaribia kuisha. Kila ilipolia alishtuka, mkono ukaenda kiunoni, kisha akaiomba mashine radhi. Sikuwahi kumwona mtu mwingine anayeiomba mashine radhi.

Barua ilikuwa nzuri. Sitaweza kuirudia yote. Aliwaambia askari wake wasimngojee awaite tena, kwa maana hatawaita. Aliwataja waliokufa. Katikati ya barua palikuwa na sentensi moja fupi: Vita vyetu havikuwa na haki.

Nilichukua maneno yake kwenye karatasi ya kawaida, nikamwambia stensili itakuwa tayari kesho kutwa, aje nimsomee.

Kesho yake akaja Meja Kashindi. Huyu alikuwa msaidizi wake vitani, wakati huo anauza vitenge sokoni. Msimdhanie mtu mbaya. Vita vilipokwisha alimbeba Asukulu mgongoni siku mbili, na homa yake, mpaka ziwani. Alikaa kwenye benchi langu, akaniuliza hali za watoto, akaniambia kwamba barua ameisikia kwa mwenyewe, na kwamba yote ni sawa, isipokuwa neno moja.

"Andika havikuwa na bahati," akasema. "Neno moja tu, Mama Zaina. Wako wajane hapa Ujiji unaowajua. Watoto wao wataisoma. Unataka wasome kwamba baba zao walikufa kwa jambo lisilo na haki?"

Hakunitisha. Angenitisha ningemkatalia, mimi ni mtu wa hapa, ningemwogopa nini. Lakini nilikuwa namjua mjane mmoja, jirani yangu Kasingirima, aliyeweka viatu vya marehemu mlangoni mpaka vikaota ukungu. Nikamfikiria yeye. Nikajiambia haki na bahati zote ni maneno mafupi, na hili la pili halimuumizi mtu. Nikakata stensili, nikaandika bahati. Nilikuwa najua kwamba Asukulu macho yake ya karibu yalikuwa mabovu na miwani ilikwisha kuvunjika. Angesikia tu nitakachomsomea.

Wanangu, hapo ndipo nilipokaribia kuivunja sheria ya Mzee Kabuye, tena kwa namna mbaya zaidi ya kutosoma. Nilitaka kusoma kisichoandikwa.

Asukulu alikuja, akakaa, akageuza sikio lake zima. Nikaanza kusoma. Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye ile sentensi. Nikasema "Vita vyetu havikuwa na", na sauti ikakatika. Nikajaribu tena, haikutoka. Alinitazama akitabasamu kidogo, nadhani alifikiri nimeguswa. Tabasamu lile ndilo lililonishinda. Nikamwambia kwamba pale sikuandika haki, nimeandika bahati, na nilikuwa karibu kumdanganya.

Hakuniuliza nani alinituma. Aliweka mikono juu ya magoti, akasema Kashindi ana moyo mzuri, tangu zamani moyo wake ndio humponza. Nikamweleza habari ya wajane. Nikamwambia nilidhani ni huruma.

"Wajane hao ni wangu mimi, si wa Kashindi, wala si wako," akasema. "Mtoto ukimwambia baba yake alikosa haki, atalia. Ukimwambia baba yake alikosa bahati, atakwenda kujaribu ya kwake. Andika tena, Mama."

Nikaandika tena ukurasa wote, tangu juu, kwa stensili mpya, maana herufi sita huwezi kuzirekebisha kwenye nta ukabaki na kitu kinachosomeka. Alingoja pale pale. Nilipomsomea, safari hii mpaka mwisho, alisimama akazungusha mpini wa mashine ya kurudufu yeye mwenyewe, nakala baada ya nakala, na wino ukamjaa mikononi. Kashindi alikuja kuzichukua. Aliisoma moja akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akairudisha juu ya meza, akaondoka bila kuaga. Hawakusalimiana tena kwa miaka.

Asukulu akavuka ziwa kwa boti kutoka bandari ndogo ya Kibirizi, barua zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gunia la mihogo.

Tuliendelea kupata habari zake kwa wafanyabiashara wa dagaa na kwa Mama Riziki. Uchaguzi wa kwanza alishindwa vibaya sana. Askari wake wa zamani walimwita msaliti, wakazichoma barua zangu sokoni. Wakulima wa pamba nao hawakumwamini, na ni nani angewalaumu. Mama Riziki alimtumia ujumbe arudi, kibanda chake bado kipo, baiskeli za Ujiji zimechakaa zinamngoja. Alijibu kwamba amefungua kibanda kingine, tena amekifungua katikati ya wakulima wa pamba.

Miezi mingi hawakumpelekea hata gurudumu. Alikaa tu, anafungua asubuhi, anafunga jioni. Kisha akaja mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye kutu, akamwambia ni ya mwanawe, na mwanawe alikufa mwaka ule wa vita. Asukulu aliishughulikia siku nzima. Alipomaliza, mzee alikuwa ameshakwenda, na fundi angeweza kuipanda kumpelekea. Aliona aibu kuipanda. Aliisukuma akitembea kwa miguu mpaka kijiji cha pili, akaiegemeza ukutani kwa mzee, akapewa maji ya kunywa. Baada ya hapo zikaanza kuja baiskeli nyingine.

Uchaguzi wa pili alipita, kwa kura chache. Watu wa pamba ndio waliomvusha.

Alipokuwa Mheshimiwa ndipo nilipomwona kazini. Alikuwa akija kumtazama dada yake, na kila mara alinipitia na mfuko wa karatasi, kwa madai kwamba kule wanaandika Kifaransa kinachomfanya mkulima ahisi amekosea kuzaliwa. Alitaka kila kitu kinachohusu hati za mashamba kiwe pia kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Wakati huo nimeshaingia kwenye kompyuta, kwa hofu nyingi. Wiki ya kwanza nilikuwa nafuta kosa kwa kidole juu ya kioo, kama vumbi. Asukulu aliikagua mashine ile pande zote akauliza kengele yake iko wapi.

Tulifanya kazi hivi: ananieleza jambo, naliandika, namsomea, halafu ananiuliza kama Mama Riziki, ambaye hakusoma, angelielewa. Nikisita tunaliandika upya. Ukurasa mmoja tuliuandika mara tisa. Nilijifunza kwake kwamba neno gumu mara nyingi ni mlango uliofungwa kwa makusudi. Hati zilianza kutoka, kwanza kwa wakulima wa pamba, kisha kwa wenyeji waliorudi kutoka huku, askari wake wakiwemo. Meja Kashindi naye alirudi kwao, akaomba shamba, akapewa, na aliyeipeleka hati ile mkononi kwake alikuwa Asukulu. Mama Riziki alinieleza kwamba walikaa kwenye mkeka wakala ugali bila kuongea mpaka sahani ikaisha, kisha Kashindi akasema samaki alikuwa na chumvi nyingi. Ndivyo walivyopatana.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, hapendi kushauriwa juu ya kofia yake, na mkutano aliuendesha kama gwaride. Tena viko vijiji ambavyo hakusamehewa, na aliniambia hana la kuwadai. Ila katika maisha yangu nimeandikia watu wengi wakubwa, na wengi walinilipa nifiche kitu. Yeye peke yake alikuja kulipa nifichue.

Mara ya mwisho nilivuka mwenyewe. Nilikuwa nimeshastaafu, na Mama Riziki aliniomba nimsindikize, kwa kuwa kaka yake anagombea tena na amezeeka. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ng'ambo, mimi niliyelitazama ziwa hili maisha yangu yote. Nilitapika nusu ya njia.

Mpinzani wake alikuwa msichana, Furaha, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa wakulima wa pamba. Asukulu mwenyewe ndiye aliyemwambia miaka ya nyuma aingie kwenye siasa. Nadhani hakutarajia aingie upande wa pili. Alifanya kampeni ya kweli kweli dhidi yake, huyo binti. Alisema mzee amefanya mengi, ahsante, sasa apumzike. Nasi tuliokuja na mzee tulikasirika kwa niaba yake. Mama Riziki alikataa hata kumsalimia yule binti.

Matokeo yalisomwa mchana kwenye uwanja wa shule, jua limesimama. Furaha alimshinda kwa kura nyingi. Watu wake wakaanza kuimba, wengine wakiwa na baiskeli wamezipamba kwa majani. Mimi nilimshika mkono Mama Riziki, nikamtazama Asukulu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha darasani, kidogo kuliko yeye, kichwa amegeuza apate kusikia. Aliomba arudiwe idadi. Akarudiwa. Akainuka, akavua kofia, akakatisha uwanja mzima peke yake, na wimbo ukapungua kadiri alivyokuwa akiwakaribia, mpaka pakawa kimya.

Furaha alipiga goti kumwamkia, machozi yanamtoka. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba anamshukuru baba kwa kumwachia kiti.

"Sikukuachia," Asukulu akasema. "Nilikitaka. Umenishinda."

Binti alikuwa bado amepiga goti. Mzee akamwinua kwa mkono, akawageuzia watu uso wake.

"Babu yake huyu tulimkataza kupiga kura," akawaambia. "Mimi nilikuwa mmoja wa waliomkataza. Leo amenishinda kwa kura. Mkiwasimulia watoto, msiwaambie nilimwachia."

Kisha akavaa kofia yake, akauliza nani anaweza kumpa maji ya kunywa, na wakulima wa pamba wapatao kumi wakakimbia majumbani kwao kwa pamoja.